Sura ya Tano: Jiwe la Rodi Kopany

Lori lilikuwa mbele yangu tangu Rongo. Lilibeba kokoto, turubai lake halikufunika hata nusu ya mzigo, na kila lilipoingia shimoni lilitema mawe barabarani kama mtu anayetafuna karanga na kutema maganda. Nilijua ilinipasa kubaki nyuma. Nilijua pia kwamba nilikuwa na mkutano Homa Bay saa nne asubuhi, kwa hiyo nikalisogelea nipate mwanya wa kulipita. Karibu na Rodi Kopany nikasikia mlio mmoja mkavu, ta!, na upande wa abiria kikatokea kidoa cheupe cha ukubwa wa punje ya mahindi. Nikajiambia si kitu. Mjini niliegesha juani, kwa sababu kivuli cha Homa Bay huwahiwa na wenyeji, na nilipotoka mkutanoni saa nane ufa ulikuwa umetambaa kutoka penye kidoa hadi mbele ya usukani.

Kijana wa vioo niliyeelekezwa kwake hakuanza na ufa. Aliinama akatazama karatasi ya bima iliyobandikwa kwenye kona ya kioo.

"Mzee, hii ni komprehensivu ama thadi pati?"

"Komprehensivu."

"Sawa. Na windskrini walikuandikia ngapi?"

Nilimtazama tu. Nilikuwa nimelilipia gari lile bima kwa miaka minne mfululizo, na jibu sikuwa nalo.

Swali lake la kwanza kila mwenye gari analijua. La pili ndilo linalolipa kioo. Kuna na la tatu, ambalo hakuniuliza kwa kuwa jibu lake lilikuwa limelala pale juu ya boneti, vumbi la kokoto: ni nini kilichokivunja? Bima haitazami kioo kilichovunjika. Inatazama mkono uliokivunja. Kioo kilekile cha Probox, kikivunjwa na jiwe, na ng'ombe, na mwizi au na mwandamanaji, kinaweza kwenda katika vifungu vinne tofauti vya mkataba, na kimoja kati ya hivyo huenda hukukinunua.

Nianze na thadi pati, maana ndiyo bima ya magari mengi yanayopita kati ya Isebania na Mbita, na maelezo yake ni mafupi. Sura ya 405 ya sheria za Kenya, iliyotungwa enzi za mkoloni katika miaka ya 1940, inamlazimisha kila mwenye gari kuwa na bima ya madhara anayoweza kuwasababishia watu wengine. Shikilia hapo: watu. Inachokulazimisha kukikatia bima ni kifo na majeraha ya mwili, na ukomo wake ni shilingi milioni 3 kwa mdai mmoja. Kampuni nyingi huongeza zenyewe, ndani ya mkataba, fidia ya mali ya mtu mwingine, na ndiyo maana ukiligonga gari la mtu pale Oyugis bima yako ya thadi pati inaweza kulitengeneza. Lakini kioo chako wewe ni mali yako wewe. Mwenye thadi pati akivunjikiwa kioo anaingiza mkono mfukoni, labda apatikane mtu wa kulaumiwa, jambo nitakalolifikia tukifika Awendo.

Si kwamba wenye thadi pati ni wazembe. Kampuni nyingi hazitaki kulikatia komprehensivu gari lililopitisha miaka kumi na mitano hivi tangu kuundwa, na nenda stendi ya Migori uhesabu magari yaliyo chini ya umri huo. Hutamaliza vidole vya mkono mmoja.

Sasa komprehensivu. Neno hili limewapotosha watu zaidi ya yote, na lawama kidogo ni ya simu zetu. Siku hizi mtu akivunjikiwa kioo huuliza simu kabla ya kumpigia ajenti wake, na majibu mengi anayoyapata yameandikwa kwa ajili ya Mmarekani. Marekani bima ya gari inauzwa vipande vipande. Kuna kipande cha mgongano, kinacholipa gari lako likigonga au likigongwa. Halafu kuna komprehensivu, ambayo kule maana yake ni yale mengine yote yasiyo mgongano: jiwe, mvua ya mawe, mwizi, moto, paa aliyekatiza barabara usiku. Kioo kwa kawaida kinaangukia huko. Yapo hata majimbo matatu, Florida, Kentucky na South Carolina, ambako mwenye komprehensivu halipi sehemu yoyote ya gharama ya kioo cha mbele. Sheria imekataza kampuni kumdai.

Kenya tulirithi utaratibu wa Waingereza. Komprehensivu yetu ni kapu moja: mgongano umo, wizi umo, moto umo, na thadi pati imo. Mtu wa Rangwe akisoma mtandaoni kwamba kioo kinalipwa na komprehensivu wala si na mgongano, hajadanganywa, ila ameelezwa nyumba ya jirani. Kwake swali ni lingine. Ndani ya kapu lile lile, je, kioo kinachukuliwa kama kioo, au kinachukuliwa kama bodi ya gari?

Hapo ndipo pesa ilipo.

Chukua gari la shilingi 1,200,000. Katika mkataba wa kawaida, uharibifu wowote wa gari lako una sehemu unayoibeba mwenyewe kabla kampuni haijatoa senti. Mawakala huiita ekses. Mara nyingi ni asilimia 2.5 au 5 ya thamani ya gari, na huwekewa kiwango cha chini. Kwa asilimia 2.5, gari lako lina ekses ya shilingi 30,000. Kioo cha mbele cha gari la kawaida, pamoja na kazi ya fundi, kinaweza kugharimu 25,000. Ukikidai kama uharibifu wa gari utakuwa umejaza fomu, umepiga picha, umemsubiri asesa wa kukagua hasara, na mwisho wa yote malipo yako ni sifuri. Na pengine lile punguzo la mwaka ujao, linalotolewa kwa wasiodai, nalo limekwenda.

Ndiyo maana kampuni zetu hutenga kifungu cha pekee cha kioo. Mara nyingi kifungu hiki hakina ekses na hakigusi punguzo. Kina kitu kingine: ukomo. Mikataba mingi inakupa bure, ndani ya malipo yako ya komprehensivu, kioo cha hadi shilingi 30,000 au 50,000, na kiasi kama hicho kwa redio ya gari. Ukitaka zaidi unanunua, na bei iliyozoeleka ni asilimia 10 ya kile ulichoongeza. Mwenye ukomo wa 50,000 anayetaka 90,000 anaongeza 40,000, na analipa shilingi 4,000 kwa mwaka. Hiyo ndiyo maana ya swali la yule kijana. Alitaka kujua kampuni itaishia wapi, ili ajue mimi nitaanzia wapi.

Zamani 30,000 ilitosha na ikabaki. Kioo kilikuwa kioo. Lakini sheria yetu inakubali kuingiza magari yasiyozidi miaka minane tangu yasajiliwe mara ya kwanza, na hiyo ina maana kwamba magari yanayoshuka Mombasa sasa yaliundwa wakati Wajapani walishaanza kufunga kamera nyuma ya kioo cha mbele. Subaru walikuwa na kamera zao mbili tangu 2008. Toyota walianza kusambaza mfumo wao wa usalama mwaka 2015. Kamera hiyo inaangalia mistari ya barabara na gari lililo mbele. Kioo kikibadilishwa, kamera inahitaji kupimwa upya, na kioo chenyewe kina nafasi yake maalumu, pengine na kihisi cha mvua. Mwalimu aliyenunua gari la namna hiyo kwa mkopo wa chama akakatiwa ukomo wa 30,000 anadhani ana bima ya kioo. Ana bima ya nusu kioo.

Niseme kidogo juu ya kioo chenyewe, maana watu hukiita kimoja kumbe ni viwili. Cha mbele ni mkate wenye siagi katikati: vipande viwili vya kioo vilivyogandishwa na utando wa plastiki. Mkemia wa Kifaransa, Édouard Bénédictus, ndiye anayesifiwa kwa ugunduzi huo. Inasimuliwa kwamba mwaka 1903 chupa ya maabara ilimponyoka ikapasuka bila kutawanyika kwa sababu ndani ilikuwa imekauka utando wa kemikali. Kioo cha namna hii kikipigwa kinafanya utando wa buibui na kubaki mahali pake. Vioo vya milango na cha nyuma ni vingine: vilipashwa moto mkali kisha vikapozwa kwa ghafla, na vikipasuka vinamwagika kama chumvi ya mawe. Cha mlangoni hakitibiki. Cha mbele, kidonda kikiwa kidogo na kipya, fundi anaweza kukiziba kwa gundi maalumu inayosukumwa ndani ya tundu, kwa sehemu ndogo ya bei ya kioo kipya.

Laiti ningejua siku ile. Kidoa changu cha punje ya mahindi kilikuwa cha kuzibwa saa tatu asubuhi. Saa nane kilikuwa cha kubadilishwa. Joto hupanua kioo, mtetemo wa barabara hukitikisa, na wako wanaopeleka gari ufukweni likiwa limetoka juani na kulimwagia maji ya ziwa. Kioo chenye ufa hakihitaji uchokozi mwingine. Ubaya ni kwamba ufa wa zamani kampuni inaweza kuukataa, kwa hoja kwamba huo ni uchakavu, na uchakavu hakuna anayeukatia bima. Ukitembea na ufa miezi mitano kisha ukadai mwezi wa sita, picha yenyewe itakusema: ufa umejaa vumbi jekundu la Nyatike.

Sasa twende Awendo. Msimu wa miwa, matrekta ya kwenda kiwanda cha sukari cha Sony hutembea yamejaza hadi miwa inaning'inia pembeni, na barabara kuu ya A1 hugeuka njia ya shamba. Mua ukiporomoka ukatua kwenye kioo chako, una milango miwili. Wa kwanza ni kifungu chako cha kioo, ambao ni mwepesi. Wa pili ni bima ya trekta lile, kwa sababu mtu anayesafirisha mzigo usiofungwa vizuri ana kosa, na wewe kwake ndiye thadi pati. Hapa ndipo hata mwenye bima ndogo ana tumaini. Lakini lazima uwe na namba ya trekta, shahidi, picha ya mua juu ya boneti, na abstrakti ya polisi. Na lazima mkataba wa trekta uwe na kile kipengele cha mali nilichosema, kwa kuwa sheria haikumlazimisha mwenyewe kuwa nacho. Akikaidi, Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na imepewa siku 60 kuyamaliza.

Jiwe linalorushwa na tairi ni hadithi nyingine. Dereva aliyekanyaga kokoto iliyokuwa imelala barabarani hajakosea kitu, na huwezi kumdai. Lori langu la Rongo lilikuwa katikati ya mambo hayo mawili. Kama jiwe lilitoka mzigoni, mwenye lori ana kosa. Kama lilitoka chini ya tairi, ni bahati mbaya yangu. Sikunakili namba yake. Nilikuwa nashughulika kulipita.

Ng'ombe wa Ndhiwa akiruka mtaro na kutua kwenye gari lako, boneti ikakunjika, taa ikavunjika na kioo kikaingia ndani, dai hilo si la kioo tena. Ni uharibifu wa gari, ekses juu yake, na kioo kinahesabiwa pamoja na bati. Watu hujaribu kukichomoa kioo peke yake wakidai kwa kifungu chake. Asesa akiona boneti mpya anajua. Saidi mira na taa vilevile huwekwa mara nyingi upande wa bodi, ingawa navyo ni vioo. Boda akiipitia saidi mira yako pale mzunguko wa Migori, unajua na mimi najua utafanya nini: utamfokea, atakuomba msamaha kwa kukuita baba, na utanunua nyingine.

Mwizi akivunja kioo cha mlango achukue tarakilishi iliyokuwa kitini, kampuni inaweza kukulipa kioo. Tarakilishi hailipi. Mali iliyo ndani ya gari si gari. Mvua ya mawe inayotoka nyanda za Kisii na kushuka hadi Rongo kwa kawaida imo, lakini soma orodha ya maafa ya asili. Baadhi ya mikataba huyauza kando.

Nimebakiza mkono mmoja, na sisi wa Nyanza Kusini tunaujua.

Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, wenye magari wengi nchini waligundua kitu ambacho hawakuwa wamekisoma: mikataba ya kawaida huweka kando hasara za vita, uasi na ghasia za kisiasa. Hoja kati ya wadai na kampuni ikawa tafsiri ya maneno. Je, kijana aliyerusha jiwe alikuwa mhalifu wa kawaida, mgomaji, au mshiriki wa machafuko ya kisiasa? Jiwe lenyewe halina chama. Tangu hapo kampuni zimekuwa zikiuza nyongeza ya vurugu za kisiasa na ugaidi, kwa kiasi cha robo ya asilimia ya thamani ya gari, na kiwango cha chini ambacho mara nyingi ni shilingi 2,500. Kwa gari letu la 1,200,000 ni shilingi 3,000 kwa mwaka.

Wengi hawainunui. Ajenti akiwaonyesha ule mstari wanasema mwaka huu hakuna uchaguzi. Mwaka 2023 haukuwa wa uchaguzi, na Machi hadi Julai maandamano ya Azimio, muungano wa upinzani, yalifunga barabara za Nyanza kwa mawe na matairi. Mwaka 2024 haukuwa wa uchaguzi, na Juni vijana waliingia barabarani nchi nzima, Homa Bay na Migori zikiwemo, kuupinga Mswada wa Fedha. Wachache wanakumbuka kwamba ndani ya mswada ule kulikuwa na kodi ya magari: asilimia 2.5 ya thamani ya gari, isiyopungua shilingi 5,000 na isiyozidi 100,000, na wa kuikusanya walikuwa kampuni za bima, kila mara unapokata bima. Kodi hiyo iliondolewa tarehe 18 Juni. Tarehe 25 waandamanaji waliingia Bunge, na kesho yake Rais Ruto akakataa kuutia saini mswada wote. Kwa hiyo huenda kuna mtu ambaye kioo chake kilivunjwa katika maandamano yaliyomwokoa kulipa kodi ya 30,000 juu ya bima yake, na bima hiyo ikakataa kumlipa kioo. Sijui acheke au alie.

Nina maoni yangu hapa, na msomaji ana haki ya kuyakataa. Kama una komprehensivu na unaendesha gari kati ya Kisumu na Isebania, nyongeza hii inunue kabla ya kuongeza ukomo wa redio, kabla ya huduma ya kuvutwa, kabla ya mapambo mengine yote. Jiwe la tairi linavunja kioo kimoja. Umati ukilishika gari hauishii kwenye kioo.

Yote niliyosema yanavunjwa na jambo moja ambalo wengi wetu tunalifanya tukijua. Probox ya binafsi ina bima ya binafsi. Mkataba unasema wazi gari litumike kwa shughuli za mwenyewe na za starehe, si kwa kubeba abiria kwa malipo. Lakini petroli ni ghali, na njiani kutoka Rongo kwenda Homa Bay kuna mama mwenye ndoo ya omena, kuna wanafunzi wawili, kuna mzee anayekwenda hospitali ya kaunti. Unawabeba, kila mmoja anatoa chake. Sasa jiwe likipiga kioo ukiwa na watu saba, fomu ya madai ina swali: gari lilikuwa likitumika kwa kazi gani? Ukiandika ukweli, kampuni ina njia ya kukataa. Ukiandika uongo, umefanya udanganyifu wa bima kwa ajili ya kioo cha 25,000. Nimewasikia watu wakisema asesa hawezi kujua. Asesa wengi wa huku wamezaliwa huku; wanajua Probox yenye viti vilivyochanika nyuma inafanya kazi gani.

Na wale wa Kuria na Migori wanaovuka mpaka kwenda Tarime, Tanzania, kununua mchele au kuwaona wakwe, nyongeza fupi. Kadi ya Njano ya COMESA unayokata Isebania ni ya kuwalipa wengine ukiwadhuru nje ya nchi yako, na gharama za matibabu kwa waliomo garini. Tanzania ilitoka COMESA lakini ikabaki katika mpango wa kadi hiyo. Haihusiki na kioo chako. Kioo kikivunjikia Sirari, kinachosema ni mkataba wako wa Kenya, katika kipengele cha eneo la kijiografia. Ikiwa kimeandikwa Kenya peke yake, mita mia moja baada ya kizuizi huna bima ya kioo. Kwa wengi kuongezewa Tanzania na Uganda ni barua moja kwa ajenti, wakati mwingine bila malipo, mradi iandikwe kabla ya safari.

Turudi kwa kijana wa vioo. Aliniambia nisimruhusu aguse chochote kwanza. "Piga picha, mzee. Namba ya gari ionekane, na ufa uonekane. Nikikitoa kabla hawajakubali, watakuuliza kilikuwa wapi." Ulikuwa ushauri wa thamani kuliko kioo. Nilipiga picha, nikampigia ajenti, nikatuma fomu, leseni, nakala ya logibuku na makadirio ya bei. Abstrakti hawakuitaka, kwa kuwa hapakuwa na mtu wala gari jingine. Siku ya tano waliruhusu kazi ifanyike. Sheria ya Bima, kifungu cha 203, inazipa kampuni siku 90 kulipa dai tangu liripotiwe. Ikipita hapo bila sababu, malalamiko yako yanapelekwa kwa Mamlaka ya Kudhibiti Bima.

Kijana alikata gundi ya zamani kwa waya, akapangusa fremu, akapaka gundi mpya, akakikalisha kioo taratibu kama anayemlaza mtoto. Akanikataza kuondoka. "Ukipita lile daraja sasa hivi kitahama." Nikakaa kibandani kwake hadi magharibi, nikila samaki. Karatasi ya bima ilikuwa imebaki kwenye kioo cha zamani, kilichoegemezwa ukutani. Nashukuru siku hizi cheti ni cha kidijitali. Niliprinti kingine kwenye saiba jirani kwa shilingi 20.

Kioo na kazi vilifika 42,000. Ukomo wangu, nilikuja kujua, ulikuwa 30,000. Nilitoa 12,000. Kuongeza ukomo hadi 50,000 kungenigharimu shilingi 2,000 kwa mwaka, na hakuna aliyewahi kuniambia. Nilimpigia ajenti wangu, mama mmoja wa Migori mwenye kicheko kikubwa, nikamlalamikia.

"Baba, kila mwaka nakutumia mkataba kurasa ishirini na moja," alisema. "Wewe unaangalia ukurasa wa bei tu, halafu unaniuliza kama naweza kupunguza."

Mwaka huu wangu unasema 60,000, na nyongeza ya vurugu za kisiasa imo. Wako unasema ngapi?